Dobi na Shuka la Kiranja

Mume wangu ni dobi, na kama hujawahi kuishi na dobi usiniambie unajua maana ya kukaguliwa. Mgeni akiingia kwetu mimi namtazama usoni, yeye anamtazama kola. Akishaondoka ananiambia, "Yule bwana hunywa chai akitembea," au, "Yule mama ana mtoto mchanga, bega la kushoto lina maziwa." Mara nyingi anapatia. Kiwanda chetu, kama anavyopenda kukiita, ni chumba kimoja cha mbele chenye meza mbili za pasi, makarai manne na rafu ya nguo zilizokunjwa. Nyuma kuna ua wenye kamba sita, na ng'ambo ya ua ndiko kwenye vyumba vyetu viwili vya kuishi. Yeye anafua na kupiga pasi. Mimi napokea nguo, natia alama ya uzi wa rangi ndani ya kola ili shati la mtu lisiende kwa mwingine, na kushona vifungo vilivyong'oka. Miaka kumi na tatu tumefanya kazi hivyo, na tumegombana humo humo, nguo za watu zikitusikiliza.

Ni mtu mpole. Ni mpole kupita kiasi, na upole wake ndio uliotuponza.

Tuna mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, yuko darasa la nne. Shuleni walimchagua kuwa kiranja wa darasa, na cheo hicho hakukiacha getini. Nyumbani anatupanga foleni ya kunawa mikono. Baba yake akipiga soga wakati wa chakula anaambiwa, "Wewe wa pembeni, kimya." Tukaanza kumwita Kiranja kwa utani, na sasa hata muuza maziwa anamwita hivyo. Anatembea kifua mbele, kalamu nyekundu sikioni, mkononi kidaftari cha kuandikia majina ya wapiga kelele. Mimi nimeshaandikwa mara mbili.

Huyu Kiranja wetu alikuwa anakojoa kitandani karibu kila usiku. Na alikuwa hajui.

Najua unachofikiri: mtoto wa miaka tisa, asijue vipi? Ngoja nikueleze. Kwanza, usingizi wake si wa watu. Siku moja rafu ya vyombo ilianguka ukutani, sufuria zote chini, majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini, na yeye chumba cha pili hata hakugeuka ubavu. Pili, ana baba dobi.

Ilianza alipoingia darasa la pili. Asubuhi moja aliamka amelowa, akalia mpaka akakataa kwenda shule, eti wenzake watamnusa. Kilio kile kilimwingia baba yake mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo alijipa kazi mpya. Kila alfajiri, kabla hajachemsha maji ya kazi, aliingia chumbani mwa mtoto akinyata, akamnyanyua, akamvua, akampangusa kwa kitambaa cha maji vuguvugu, akamvisha gauni kavu la kulalia, akabadilisha shuka na kumlaza tena. Godoro tulikuwa tumelivisha nailoni. Kazi nzima ilimchukua dakika nne, nilimpimia. Jua likichomoza, shuka la Kiranja lilikuwa limeshafuliwa na linapepea kwenye kamba ya mwisho katikati ya mashuka ya wateja, halina wa kulisema.

Na mimi nisijitoe. Nilimshonea magauni matano ya kulalia ya kitambaa kimoja, maua yale yale ya bluu, ili akiamka ajione amevaa alilolala nalo. Moja lilipopoteza kifungo, niling'oa kifungo cha yale mengine manne. Tulikuwa wahalifu waliokamilika. "Mtoto aamke na heshima yake," mume wangu alikuwa akisema, nami nikaona huo ni upendo, na ulikuwa upendo kweli. Ila lilikuwa kosa ambalo dobi peke yake angeliweza: kutoa doa vizuri kiasi kwamba mwenyewe hajui kama lilikuwepo. Mara moja kwa mwezi hivi, baba mtu akiwa na homa au akipitiwa na usingizi, Kiranja aliamka amelowa, akalia kidogo, tukamwambia ni bahati mbaya, yakaisha.

Ndipo ikaja barua ya shule. Timu ya netiboli ya wasichana wadogo imealikwa kwenye mashindano katika shule ya mbali, siku tatu, usiku mbili kulala bwenini. Kiranja ndiye mlinzi wa goli. Aliisoma barua kwa sauti, amesimama juu ya kapu la nguo chafu.

"Na bwenini mimi ndiye nitakuwa kiranja," akamalizia, maneno ambayo hayakuwa kwenye barua. "Nitakagua vitanda vyote asubuhi."

Kukawa na harufu ya kuungua. Tukageuka. Pasi ilikuwa imekaa juu ya shati jeupe la karani mmoja mteja wetu, na mume wangu ameishika huku amekodoa macho kwa mtoto. Sijawahi kumwona akiunguza nguo ya mtu kabla ya siku ile.

Usiku ule hakula. Siku ya pili yake akaja na mpango. Atakwenda kwa mwalimu mkuu, ajitolee kuifulia timu jezi. Atasafiri nao. Alfajiri mwalimu wa kike ataingia bwenini kufanya ile kazi badala yake.

"Nitamfundisha," akasema. "Ni dakika nne tu."

"Baba Kiranja, utamfanyia hivi mpaka lini? Akiolewa utakwenda kulala chini ya kitanda chao?"

Akafikiri. "Hilo nilikuwa sijalifikia," akasema, na alisema kwa dhati kabisa.

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira, halafu nikaogopa. Tukimkataza kwenda, tutampa sababu gani? Tukimwacha aende hivi hivi, ataamka amelowa mbele ya wasichana kumi na wawili ambao amekuja kuwakagua vitanda. Na neno kikojozi likishamnasa mtoto shuleni, atamaliza nalo shule. Niliona kichwani mwangu kile kifua chake cha mbele kinavyonywea, nikakosa raha siku nzima. Tulikuwa na wiki sita.

Tukampeleka zahanati. Tulimwambia ni uchunguzi wa wachezaji, uongo mwingine juu ya ule wa zamani. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mtu asiye na haraka na asiyetaka wengine wawe na haraka. Mimi nilimnong'oneza shida yetu mlangoni. Akamkalisha Kiranja kitini, akamuuliza yeye, si sisi.

"Mjukuu wangu, huwa unakojoa kitandani?"

"Mara moja kwa mwezi," Kiranja akajibu, kama anayesoma mahudhurio. "Ni bahati mbaya."

Muuguzi akanitazama. Nikatazama mkoba wangu. Akamtazama mume wangu.

"Baba?"

"Kila siku," akasema. "Karibu kila siku."

Kiranja akageuka taratibu. "Nani? Mimi?"

Basi ikabidi tuseme yote, pale pale, kwa kupokezana. Zile alfajiri, zile shuka, ile kamba ya mwisho uani. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Lile gauni langu la maua?"

"Yako matano," nikasema.

"Matano," akarudia, akatazama dirishani. Nilitamani sakafu ya zahanati ipasuke inimeze mimi na cherehani yangu.

Muuguzi hakutuhurumia. "Mlifanya kwa mapenzi," alisema, "lakini mmemfungia nje ya jambo lake mwenyewe. Mtu hawezi kujifunza kitu ambacho hajui kama anacho." Kisha akatupa mgongo akaongea na Kiranja. Alimpima mkojo, akaona hauna ugonjwa. Akamweleza kwamba hili si uvivu, wala si utoto, wala si aibu. Kibofu kinajaa usiku na kumbe kichwa kimelala fofofo, hakisikii hodi. Watoto wengi sana wako hivyo, na wengi wao wanadhani wako peke yao. Akamuuliza anakunywa maji saa ngapi, na shuleni anakwenda chooni mara ngapi.

"Shuleni siendi," Kiranja akasema. "Wakati wa mapumziko nasimamia foleni ya choo."

"Kwa hiyo wote wanakwenda isipokuwa wewe?"

"Siwezi kuiacha foleni."

Na kwa kuwa haendi, hanywi maji. Na kwa kuwa hajanywa tangu asubuhi, akirudi nyumbani jioni anamaliza jagi zima, na wakati wa chakula cha usiku jingine. Haya yote yalitoka pale kitini, na mimi mama yake nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Muuguzi akayageuza juu chini: anywe maji tangu asubuhi, kidogo kidogo, aende chooni shuleni kila mapumziko, foleni iwe na mtu mwingine, jioni apunguze, kabla ya kulala aende chooni hata kama hana haja. Akilowa, aamke, asaidie kubadilisha shuka lake mwenyewe. Asigombezwe, asichekwe. Aweke alama kwenye kalenda. Hakutuahidi muda. "Itafika siku yake," alisema.

Kisha akauliza, "Na hili jambo hupenda kukaa kwenye ukoo. Nani kati yenu alikuwa hivi utotoni?"

"Si mimi," nikasema haraka, tena kwa majivuno. Mume wangu alikuwa anasoma bango la ukutani linalofundisha kupiga mswaki. Alilisoma kwa makini sana.

Siku mbili Kiranja hakumsemesha baba yake. Na mimi alinisemesha kwa sababu lazima mtu aombe chumvi. Nilikiona kile kidaftari kimeachwa wazi mezani makusudi. Kwa kalamu nyekundu kimeandikwa: Baba, udanganyifu. Chini yake: Mama, kumsaidia Baba. Mume wangu alikisoma, akakirudisha pale pale, akaenda kufua mapazia ya watu. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia zaidi kwa sababu mtoto alikuwa na haki.

Asubuhi ya tatu Kiranja alivuka ua peke yake, amebeba shuka lake lililolowa. Akaingia kiwandani, akaliweka juu ya meza ya kupokelea nguo, mbele ya baba yake, kama mteja.

"Nataka kulifua mwenyewe."

Mume wangu akasogeza karai, akamwekea kigoda.

"Maji baridi kwanza," akasema. "Ukianza na ya moto, harufu inashika. Usisugue bado. Lizamishe tu, lipumzike."

"Umejuaje?"

"Mimi si dobi?"

"Nani alikufundisha?"

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu na shati la mtu mapajani, kifungo nimekibana kwa midomo. Nilisikia maji yakitiririka kwenye karai.

"Nilijifundisha mwenyewe," mume wangu akasema. "Nilikuwa na miaka yako hiyo. Nilikuwa kama wewe, kila siku. Mpaka nikafika miaka kumi na miwili."

Kifungo kikanidondoka. Miaka kumi na tatu ya ndoa, nalala na mtu huyu, najua mpaka jino lake linalouma, na hili sikuwahi kulisikia.

Akamsimulia. Mama yake, mkwe wangu, alikuwa mkali, na aliamini aibu ni dawa. Mwanawe akilowesha kitanda, godoro lake lilikuwa likitolewa nje na kuegemezwa ukuta wa njiani, watoto wote wanaokwenda shule walione. Wakapata wimbo wa kumwimbia. Basi akajifunza kuamka kabla ya watu wote, kufua gizani bila kishindo, kukamua mpaka shuka likauke kwa upepo kidogo tu. Akafika mahali anafua kuliko watu wazima. Jirani mmoja akaona weupe wa shuka zake, akamletea zake. Na wa pili akaleta.

"Kwa hiyo wewe," Kiranja akasema polepole, "ulikuwa kikojozi." Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu.

"Nilikuwa."

"Na ukaacha vipi?"

"Sijui. Siku moja niliamka kufua, nikakosa cha kufua."

Kiranja hakutaka kucheka. Alijikaza, akabana pua, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka maji ya karai yakamwagika. Nyuma ya rafu mimi nilikuwa nalia, na hasira pia nilikuwa nazo, maana angalau mimi angeniambia.

"Sasa hili ni letu," nikamsikia akimwambia mtoto, akishusha sauti. "Asijue mtu. Wale wa wimbo niliwaacha kijijini; huku anajua bibi yako, na wewe. Na huyo mama yako aliyejificha hapo nyuma."

Baada ya hapo kazi ilichukuliwa na mwenyewe. Ratiba ikabandikwa ukutani, na ikawa ya watu wote. Saa nne asubuhi mimi na baba yake lazima tuwe tumemaliza bilauri ya pili ya maji, na tulikaguliwa jioni tukiulizwa kwa vituo. Foleni ya choo ya shuleni alimkabidhi naibu wake kwa dakika mbili kila mapumziko, kwa masharti. Kalenda akaipiga alama ya bluu kwa usiku mkavu, na usiku wa kulowa akaacha wazi, bila kujipendelea. Wiki ya kwanza alama moja. Ya pili mbili. Ya nne tano.

Aliyeteseka ni baba yake. Alfajiri alikuwa akisimama nje ya mlango wa mtoto, mikono nyuma, hana la kufanya. "Nichungulie tu," ananiambia. Namvuta kwa shati arudi kuchemsha maji.

Wiki ya tano alama zikarudi mbili. Kiranja alitupa kalamu ya bluu uani. "Siendi popote!" alipiga kelele, akilia, yeye ambaye hata zahanati hakulia. Nikasema la muuguzi, kwamba mambo haya hupanda na kushuka. Hakunisikia. Ni baba yake aliyekwenda kuokota kalamu.

"Ukikaa, sawa," akamwambia. "Ukienda, sawa. Mimi sitakuamulia tena."

Jioni nzima alikunja leso za wateja. Zilipoisha akatoa amri. Nailoni iwekwe kwenye begi, na gauni la pili, na shuka la akiba, na kipande cha sabuni. Mwalimu wa michezo aambiwe, yeye peke yake, ampe kitanda cha chini karibu na mlango. "Nikilowa nitaamka mapema nifue," akasema. "Hakuna bwenini atakayejua kufua kunizidi." Mume wangu aliitikia kwa kichwa tu.

Siku zile tatu kazi ilikwenda shaghalabaghala. Alipiga pasi suruali moja mara tatu, akatia wanga kwenye foronya. Mteja akimuuliza, "Dobi, vipi, unaumwa?" anajibu, "Binti yangu yuko mashindanoni," na mteja anamwambia usijali, watashinda.

Hawakushinda. Walifungwa mechi mbili, wakatoka sare moja. Kiranja aliingia kiwandani jioni ya siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatusalimu, akafungua begi. Akatoa shuka lililoviringishwa, na hata mimi nisiye dobi niliinusa harufu yake. Mume wangu aliinuka haraka, uso amejitahidi kuuchangamsha.

"Si kitu," akasema. "Si kitu kabisa, mwanangu. Lete."

"Si langu."

"Si lako?"

"Langu hili." Akatoa la pili, akalinyoosha mbele ya macho yake. Lilikuwa chafu kwa vumbi na kavu. "Siku zote mbili. Usiku wa kwanza nadhani sikulala. Wa pili nililala nikaamka mwenyewe nikaenda." Alilisema haraka haraka, kama si habari. "Hili jingine ni la mwenzetu mmoja, usiniulize nani. Nililiviringisha kabla wengine hawajaamka, nikampa langu la akiba. Nimemwahidi Jumatatu litakuwa tayari."

Mume wangu akalipokea lile shuka la mtoto wa watu.

"Alikuwa analia sana, baba. Anasema yuko peke yake duniani." Kiranja akatazama chini. "Kwa hiyo nimemwambia kuhusu mimi. Na kuhusu wewe. Nimemwambia yule dobi anayefulia walimu wote alikuwa hivyo mpaka miaka kumi na miwili."

Siri aliyoificha miaka yote hii, aliyonificha hata mimi, sasa ilikuwa na mtoto wa shule ambaye hatumjui jina. Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nikaogopa atamgombeza, na kama angemgombeza ningemwelewa.

"Ukamwambia," akasema.

"Ndiyo. Unakasirika?"

Alikaa juu ya kapu la nguo. Muda mrefu alilipapasa lile shuka kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kitambaa cha mteja kabla ya kukipokea.

"Akasemaje?" akauliza.

"Hakusema kitu," Kiranja akajibu. "Aliacha kulia."